Mate ya Koko wa Bisil

Mama mpendwa,

Nakusalimu kutoka Bisil, ambako chai ni maziwa zaidi kuliko maji. Leo zahanatini nimekutana na Koko Nasieku, nyanya wa Kimaasai aliyekuja kumbariki mjukuu wake mchanga. Kwao nyanya humbariki mtoto kwa kumtemea mate kidogo kwenye paji la uso. Lakini Koko alikuwa anakohoa, na binti yake akamficha mtoto kwenye shuka. "Upimwe kwanza, Yeyo," akamwambia mama yake.

Muuguzi akamchukua kamasi kwa kijiti cha pamba, akakitia kwenye mashine ndogo ya mezani inayotafuta virusi vya mafua, korona na vile vinavyobana vifua vya watoto.

"Yaani mashine inaonja kabla ya mjukuu wangu?" Koko akauliza. Foleni nzima ikacheka.

Tulikunywa chai barazani, majibu yakatoka. "Hakuna hata kimoja, Koko. Hicho kikohozi ni cha vumbi."

Binti akafunua shuka. Koko akambariki mtoto, binti, muuguzi, kisha mimi. Nikamwambia niko na mama nyumbani, akanitemea tena.

Baraka hiyo ya pili ni yako. Magoti yasikusumbue tena.

Mwanao,
Mutua