Gari la Bibi Lianzie Wapi

Makazi ya Wazee ya Fukugi,
Kijiji cha Hamagusuku,
Okinawa.

Tarehe 2 Septemba

Kwa Oyakawa Tetsuo,
Mkuu wa Nyumba ya Oyakawa,
Campo Grande, Brazili.

Mpendwa mwanangu Tetsuo,

Kwa heshima unayostahili wewe uliye mrithi wa marehemu kaka yangu, na kwa mapenzi ya baba mdogo aliyebahatika kukuona mara moja tu, nakusalimu. Madhumuni ya barua hii ni kuomba uamuzi wako katika jambo moja linalomhusu bibi yako, jambo ambalo hakuna mwingine katika ukoo wetu mwenye mamlaka ya kuliamua. Nitalieleza mahali pake. Kwanza tujuliane hali.

Je, hujambo wewe na mkeo Marlene? Luana na Caio wanaendeleaje na masomo? Ule mgongo uliokusumbua wakati wa baridi umepona? Sisi huku hatujambo. Joto bado halijapungua, na mpaka sasa tumepata kimbunga kimoja tu, nacho kilipita mbali bila kutugusa. Magoti yangu yanalalamika ninapopanda ngazi, lakini hayajapata kukataa kazi. Bibi yako anamaliza bakuli lake, analala vizuri, na masikio yake husikia kila analotaka kusikia.

Kama ujuavyo, mimi naye tunaishi tena chini ya paa moja. Yeye yuko chumba cha kusini, mimi nipo chumba kinachofuata, na mjukuu wangu Misato, ambaye kwa heshima zetu ni binti yako, ndiye mpishi mkuu wa jiko la hapa Fukugi. Kwa hiyo kila asubuhi vizazi vinakutana mezani. Misato ananiambia nipunguze chumvi, na mama yangu ananiuliza kama nimenawa mikono. Nina miaka sabini na mitano. Wenzangu hapa wanacheka, lakini najua wananionea wivu, kwani hakuna mwingine kati yao anayeulizwa na mama yake.

Sasa nije kwenye habari kubwa. Siku ya saba ya mwezi wa tisa, kwa kalenda ya zamani, bibi yako atasherehekea miaka tisini na saba kwa hesabu yetu. Wewe ulizaliwa huko, hivyo uniwie radhi nikifafanua. Sherehe hiyo tunaiita kajimaya. Mtu aliyefika umri huo huhesabiwa kuwa amerudi utotoni. Hupewa kititia, kile cha karatasi kinachozunguka kwa upepo, akapandishwa katika gari la wazi lililopambwa, na kijiji kizima hutoka barabarani kumshika mkono ili kila mtu aambukizwe umri wake. Tangu makazi haya yajengwe, hakuna mkazi hata mmoja aliyewahi kuifikia siku hiyo. Bibi yako atakuwa wa kwanza. Naomba uisome sentensi hiyo mara mbili, kwa sababu nami niliiandika mara mbili kwa furaha ya kuiandika.

Maandalizi yameshika makazi yote. Hapa kijijini ni desturi gari la mwenye sherehe lipite juu ya madaraja saba. Lakini idara ya barabara iliupitisha mto wetu chini ya zege, na madaraja yaliyobaki ni matano. Kamati ya kijiji ilipendekeza tuhesabu matano mara moja na mawili wakati wa kurudi. Mama yangu alipoelezwa, aliuliza, "Yaani mniibie madaraja mawili mchana kweupe, tena mbele ya watu?" Kamati ikaliondoa pendekezo lake.

Hapo ndipo aliposimama Mzee Gushiken, jirani yangu wa mlango wa kushoto, aliyekuwa seremala wa nyumba. Alisema mfereji wa maji ya mvua unaopita katika bustani yetu unakata njia ya gari mahali pawili, ambapo pamewekwa mabati matupu. Akasema, "Toeni hayo mabati, mnipe mbao. Nitampa madaraja yake." Mimi nilipinga kwa hoja kwamba daraja ni lazima liwe na maji chini yake. Gushiken akanijibu, "Basi wewe Seiyu kazi yako ni kuomba mvua. Si ndiyo kazi yako, kuomba?" Alikusudia yale maombi niliyowaandikia wanakijiji kwa miaka mingi kwenda ofisi ya wilaya, na sikuona sababu ya kuona haya. Niliandika ombi kwa meneja wa makazi siku hiyohiyo, lenye sababu na ahadi ya usafi. Meneja alikubali kwa sharti moja, kwamba madaraja yawe na mikono ya kushikilia.

Laiti ungeona kazi ile, Tetsuo! Wazee ambao asubuhi husaidiwa kuvaa soksi walikuwa wakipiga randa mpaka Misato awaite chakula mara tatu. Aliyekuwa mwalimu alishika kamba ya kupimia. Aliyekuwa dereva wa basi aliketi kwenye kiti akitoa amri ambazo hakuna aliyezifuata. Mbao za mwisho zilipokuwa bado hazijapigiliwa misumari, Misato alileta brashi na wino, na upande wa chini wa mbao hizo tuliandika majina ya kizazi chote cha bibi yako, kuanzia marehemu kaka yangu Seijun mpaka mtoto wa Misato anayetambaa. Jina lako lipo, na la Luana, na la Caio, ambayo niliyaandika mimi mwenyewe kwa mkono wangu bora. Hakuna atakayeyaona isipokuwa maji. Lakini gari la bibi yenu litapita juu yenu nyote, na nyote mtalibeba.

Nikiri kwamba kwa muda huo nilijiona mtu mkubwa. Nilitembea juu ya daraja la kwanza nikiwa nimefunga mikono nyuma, kama waziri.

Kisha ikaja siku ya kufanya majaribio. Mume wa Misato ana pikapu ya kubebea maua, na tuliifunika kwa kitambaa chekundu. Kamati ya kijiji ilikuwa imekwisha kutangaza kwamba msafara utaanzia lango la Fukugi, nami niliridhia tangazo hilo kwa sababu lilionekana halina kasoro. Mama alikaa kwenye kiti chake juu ya gari, akapewa kititia, akakitazama kikizunguka. Dereva alipowasha injini, mama alinyanyua mkono wake.

"Zima," alisema. "Tunaanzia nyumba ya nani?"

Nilimwambia tunaanzia hapa langoni, kama ilivyotangazwa.

"Sikukuuliza lango. Nimekuuliza nyumba ya nani."

Nilijibu kwamba hapa ni kwangu pia, nami ni mwanawe. Akaniwekea mkono begani mbele ya watu wote. Hakuwa na hasira hata kidogo. "Seiyu, wewe ni mwana mwema, lakini wewe ni wa pili. Wa pili hana mlango wa kumtolea mama. Nishusheni, mgongo unaniuma."

Tukamshusha. Tangu siku hiyo hajagusa kititia chake. Kimesimama kwenye glasi dirishani, na upepo ukiingia kinazunguka peke yake.

Naomba usimwone mkaidi. Desturi iko upande wake. Msafara wa kajimaya hutoka nyumba ya mzaliwa wa kwanza, baada ya ubani kuwashwa mbele ya vibao vya majina ya wahenga, na mimi niliyejivunia kujua taratibu nilipaswa kulikumbuka hilo kabla ya kamati. Mzaliwa wa kwanza alikuwa baba yako. Siku alipopanda meli kuja huko, mama alimwambia bandarini kwamba mlango wa nyumba ni wake na utabaki wake. Baba yako alipofariki, ukawa wako. Watu wawili walikuja kwa nyakati tofauti kutaka kupanga ile nyumba ya ukoo kule juu kilimani, na wote mama alikataa kuwapa. Aliponieleza sababu alisema hivi tu: "Nilimwambia Seijun mlango ni wake. Sijawahi kumwekea mtu mwingine ndani."

Hali ya nyumba yenyewe, kama nilivyokujulisha baada ya kile kimbunga kikubwa cha miaka iliyopita, ni kuta bila paa. Nyasi zimefika madirishani, nyoka wamepata makao, na njia ya kupandia haitoshi gari. Vile vibao vya wahenga niliviokoa mimi na Gushiken, na tangu hapo viko katika chumba cha mama hapa Fukugi, juu ya kabati lake. Tulisema vitakaa kwa muda. Kila asubuhi Misato huweka chai na kuwasha ubani kabla hajaenda jikoni, na harufu yake hutufikia sote barazani.

Katika mazungumzo ya baadaye, mama alikubali kwamba ziko njia mbili, na zote mbili ziko mikononi mwako.

Ya kwanza: useme kwamba nyumba ya Oyakawa ni ile ya juu. Hapo tutafyeka nyasi, na bibi yako atabebwa kwa kiti hadi mlangoni, atoke hapo hadi kwenye gari. Wazee wa Fukugi wamejitolea kumbeba. Jambo hilo linanitia hofu kuliko nyoka, lakini wamejitolea kwa moyo wote na wameanza mazoezi kwa kumbeba aliyekuwa dereva wa basi.

Ya pili: wewe, kama mkuu wa nyumba, useme kwamba nyumba ya Oyakawa sasa ipo mahali vilipo vibao vyake, yaani katika chumba cha kusini cha Makazi ya Fukugi. Ukisema hivyo, lango hili litakuwa mlango wako, na mama atatoka kwa mzaliwa wake wa kwanza bila kuvunja neno alilotoa bandarini.

Misato alitaka kukupigia simu ya video siku ileile. Nilimzuia, kwani si vema mtu aulizwe jambo la wahenga wake akiwa na kijiko mkononi. Ulistahili kuulizwa kwa maandishi na kupewa nafasi ya kufikiri. Gushiken aliposikia alisema, "Umeandikia serikali miaka yote ile kuhusu mabomba, ukashindwa kumwandikia mtoto wa kaka yako? Keti uandike!" Ndipo nikaketi. Lakini jibu lako waweza kulitoa kwa simu, kwa sababu mama anataka kulisikia kwa sauti yako. Alinituma nikufikishie maneno haya kama yalivyo: "Mwambie asije kwa kunihurumia, nauli ni kubwa na watoto wanasoma. Simwamuru. Namuuliza, kwa sababu ni wake."

Mimi binafsi sina kura katika suala hili na sitaki kuonekana ninakuelekeza. Lolote utakaloamua nitalitekeleza kikamilifu, na nitatembea mbele ya gari hilo nikiwa nimevaa suti yangu nyeusi, nikijua kwamba hakuna mwana wa pili aliyewahi kujivunia nafasi yake kuliko mimi.

Nisalimie sana Marlene. Mwambie Luana kwamba picha aliyochora imebandikwa katika chumba cha kulia chakula, na kwamba kila mgeni lazima aisifu. Caio naye nimemwekea kititia. Misato na mumewe wanakuamkia kwa heshima, Gushiken pia, kwa namna yake. Wahenga wetu wakutazame kwa jicho la upole huko uliko, wakuongoze katika kazi yako, na wakuache uzeeke ukiwa na mtu wa kukuuliza kama umenawa mikono.

Kwa unyenyekevu na kwa pendo, naomba sasa uamuzi wako kabla ya siku ya sherehe: nyumba yako iko wapi, ili tumtoe mama hapo?

Ni mimi baba yako mdogo nikupendaye,

Oyakawa Seiyu