Faili Lililosomwa Baada ya Sala

Ijumaa, Musoma. Upepo wa ziwa umegonga madirisha kutwa nzima, na moyo wangu umegonga zaidi.

Wewe uliyefungua ukurasa huu, nakusihi, lisitoke hata neno moja. Usimsomee mwenzako, usipige picha. Mkataba wangu wa kazi unaisha mwezi huu, na anayesaini mpya ndiye ninayemtaja hapa chini.

Mimi ni karani wa mifugo. Niliandika programu kwa Python, lugha ya kompyuta, inayokagua daftari la ng'ombe wa Bunda na Butiama, na kumtaja kwenye skrini kila asiye na hereni ya namba sikioni. Mkuu wetu, Mzee Wambura, ana ng'ombe kumi na wawili kwao Butiama. Amekataa kuwavisha hereni. Anasema anawajua kwa rangi. Basi wakati wa majaribio, nikiwa peke yangu, nilimwekea print yake maalumu: amri ya kuandika kwenye skrini maneno ya kumsuta.

Juzi akataka ripoti ikae kwenye faili. Nikaongeza mstari mmoja:

sys.stdout = open("ripoti.txt", "w")

Skrini ikanyamaza. Nikafurahi kama mjinga.

Sikukumbuka kwamba sasa kila print inaingia kwenye faili. Kila print.

Ofisini kwetu, Ijumaa baada ya sala, mkuu husoma ripoti kwa sauti, amesimama.

"Ng'ombe wa Wambura, hana namba," akasoma leo. "Huyu mzee tena! Msimamizi wa hereni, ng'ombe wake masikio matupu."

Akafuta miwani. Akasoma wa pili: maneno yale yale.

"Endelea, mzee," akasema Mama Bhoke wa masjala. "Bado kumi."

Hakuruka hata mmoja. Kufika wa tano, ofisi nzima ilikuwa inaitikia, "Masikio matupu!" kama kwaya.

Alipomaliza akanigeukia. "Binti, huko chuoni mnafundishwaga haya?"

Nilitafuta maneno ya kujitetea. Likatoka moja tu: "Shikamoo."

"Marahaba," akajibu, kwa mazoea. Kisha akakunja karatasi. "Umeandika ukweli. Sasa kesho nenda Butiama, ukawavishe mwenyewe. Wote kumi na wawili wakiwa na hereni, nasaini."

"Na yule fahali?" akauliza Mama Bhoke.

"Huyo hasa. Hapendagi wageni."

Mimi ni mtoto wa Kisorya. Kwetu ni samaki. Sijawahi kushika hata mkia wa ndama.

Jioni nimeirekebisha programu: ripoti inakwenda kwenye faili lake kwa logging, njia isiyobeba print, na hasira zangu nimezifuta. Nimechelewa siku mbili.

Ukinihitaji kesho, shuka Butiama, uliza boma la Mzee Wambura, pita nyuma ya zizi. Usiniite kwa jina, fahali atasikia. Tazama juu, kwenye mti ulio karibu zaidi.

Njoo na ngazi.