Hii ni ya Nyumbani

Dutwa, Jumamosi jioni. Mawingu yametanda tangu asubuhi na hayajadondosha hata tone. Pamba imesinyaa shambani, na mimi nimesinyaa nayo.

Nimetoka Bariadi. Nilikwenda kununua uzi na zipu, maana nina sare za shule za kumalizia. Uzi nimeupata. Na Masunga nimempata.

Masunga ni mdogo wangu, kitinda mimba wa mayu, yaani mama yetu. Aliwahi kuendesha bodaboda huko Bariadi. Alianza kunywa gongo ili kukata baridi ya alfajiri, mwisho akawa anaendesha ili apate hela ya gongo. Mwenye pikipiki akaichukua pikipiki yake. Masunga akarudi nyumbani amekonda, mikono inatetemeka hata kikombe cha chai hakishiki vizuri.

Bahati nzuri alirudi wakati kamati ya kuwaokoa vijana wa kijiji inaanzishwa. Vijana walikuwa wanavuta bangi waziwazi nyuma ya ghala la pamba, wazazi tukachoka. Wakakaa wazee, watu wa kanisa na akina mama, akaja pia ofisa wa maendeleo ya jamii na kipaza sauti chake. Wakakubaliana kufufua kikundi cha kulima kwa ngoma, bugobogobo ya babu zetu: vijana wanajipanga mstari mmoja, majembe yanapanda na kushuka kwa mdundo, leo shamba la huyu, wiki ijayo la yule. Kijana aliyechoka, mwenye wenzake, atapata wapi muda wa bangi? Ndivyo tulivyosema. Bado naamini.

Masunga akapewa ngoma.

Sijui niseme nini kuhusu mikono ile. Ilitulia. Chai akawa anakunywa bila kumwaga, akaanza kunenepa, akaanza hata kunitania kwamba cherehani yangu inapiga kelele kuliko ngoma yake. Mayu alikuwa akisimama mlangoni kuisikiliza ngoma ikitoka mashamba ya mbali, na alikuwa anajua kabisa ni mkono wa mwanawe.

Kisha zamu ikafika kwetu.

Kikundi kikimaliza kulima, mwenye shamba hutoa pombe. Hiyo haikuanza leo. Kamati ilikuwa imepiga marufuku bangi, imepiga marufuku gongo, lakini pombe ya mtama iliyopikwa nyumbani hakuna aliyeikataza, kwa sababu kwetu hiyo ni chakula. Hata yule ofisa siku ya uzinduzi aliwekewa kikombe, akanywa, akasifu. Mashamba yaliyotangulia, Masunga alikuwa anajifanya ana haraka ya kurudisha ngoma, anaondoka kabla chungu hakijatolewa. Lakini kwetu angeondoka aende wapi?

Mayu alijiandaa kwa wiki nzima. Akaloweka mtama, akauotesha, akausaga, akapika. Nilimsaidia kuchuja. Alikuwa anaimba. Kwake ile ilikuwa sherehe ya mtoto wake kupona.

Siku yenyewe, kulima kulipokwisha, akachota pombe kwa kibuyu. Akaonja kwanza yeye, kama ilivyo desturi, kuonyesha haina sumu. Kisha akampelekea mpiga ngoma kwa mikono miwili, mbele ya watu wote.

Masunga akasema taratibu, "Mayu, mimi siiwezi."

Mayu akacheka. "Hii si gongo, baba. Hii ni ya nyumbani."

Wenzake wakacheka pia, si kwa ubaya. Masunga akanitazama. Nilikuwa nimeshika chujio, nikaendelea kuchuja. Akapokea.

Asubuhi yake tuliikuta ngoma mlangoni. Mwenyewe hayupo.

Tangu siku ile naisikia. Nikikanyaga pedeli ya cherehani, mguu unashika mdundo wake wenyewe, majembe yanapanda, majembe yanashuka, mpaka naacha kushona. Naogopa. Kwenye kikao cha kamati mwenyekiti alisema Masunga hana msimamo, wakahamia kwenye ajenda ya fulana za kikundi. Nilitoka nje nikalia kwa hasira.

Leo nimemkuta stendi anabebea abiria mizigo. Ananuka. Alinisalimia vizuri, akaniuliza hali ya mayu, akaniuliza kama ngoma imenyeshewa. Nikambembeleza arudi. Akatazama mikono yake.

"Dada, gongo naweza kuikwepa, najua inauzwa wapi. Ya nyumbani nitaikwepaje?"

Basi la Lamadi likaingia, akakimbilia mizigo. Njia nzima ya kurudi nimekuwa nikilitafuta jibu la swali lile.

Nimefika nyumbani nimekuta mayu ametandaza kimea uani, mtama umeshachipua, mweupe, mzuri. Nikamuuliza ni wa nini. Akasema ni wa Masunga, siku akirudi asikute nyumba kavu kama nyumba ya watu waliomfukuza.

Nikaketi palepale chini. Nikamweleza maneno ya mwanawe, neno kwa neno, kwa Kisukuma, yasiwe na mahali pa kujificha.

Aliokota punje moja ya kimea, akaibinya, akaitupa. Akauliza, "Kwa hiyo ni mimi?"

Nikamwambia ni sisi sote, pamoja na kamati na kipaza sauti chake. Sidhani kama alinisikia. Alikuwa anakusanya kile kimea ungoni, taratibu. Akasema Jumatatu nikipeleke mashineni, tupike togwa, tuinywe ikiwa bado tamu, haijawa pombe, na kikundi kikija tena tuwape hiyohiyo, anayetaka kucheka acheke. Kisha akakibeba chungu chake cha pombe, kile alichopewa na mama yake, akakiinamisha nyuma ya nyumba, mdomo chini.

Nimemwona akikipapasa tumbo kabla ya kukiacha.

Sasa giza linaingia na bado naisikia ngoma. Masunga atajuaje, huko stendi, kwamba chungu kimeinamishwa? Nikimwambia ataamini? Mimi mwenyewe, kama ningekuwa yeye, nisingeamini.

Kwa hiyo nitambebea togwa kwenye chupa. Nitaionja kwanza mimi, mbele yake, kama ilivyo desturi. Kisha nitamkabidhi kwa mikono miwili, ningoje nione kama atapokea.