Kizibo Ulichosema Utakitoa

Kamwene Mama,

Tangu tukuzike hatujauza asali hata tone. Mizinga ipo, nyuki wapo, na chupa zako za mvinyo za kutilia asali, ulizookota kwenye sherehe za watu, zinashika vumbi kwenye shelfu. Baba haendi popote. Anakaa dirishani na ile chupa ya harusi yangu, ile ambayo mjomba alikosa cha kuifungulia akasukuma kizibo ndani kwa mpini wa mwiko, kama wanavyofanya wengi hapa Iringa. Ulimcheka sana. Ukasema, "Niachieni hiyo, nitakitoa nikirudi kutoka Mbeya." Ulikuwa unakwenda hospitali tu. Tukakurudisha ukiwa kwenye jeneza.

Mtu akiigusa chupa, Baba anamwambia, "We acha. Mwenyewe kasema atakitoa." Sijui mtu anamwambiaje baba yake jambo ambalo yeye mwenyewe analijua.

Jana asubuhi, akiwa anaoga, nikafanya kama ulivyonifundisha. Nilitoa ule mfuko wako wa rambo uliouficha chini ya godoro tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku. Nikausokota, nikauingiza chupani, mdomo wake nikauacha nje. Nikaiinamisha chupa mpaka kizibo kikalala shingoni, nikapuliza, mfuko ukakibana. "Taratibu, hung'oi jino," ulizoea kuniambia. Nikavuta taratibu. Kikatoka, Mama. Bado kilinukia mvinyo wa siku ile.

Nilidhani Baba akikiona atapumua. Nikakiweka mezani, pembeni ya chai yake. Alikitazama mpaka chai ikapoa. Kisha akasema, "Kumbe harudi."

Akalia. Hata makaburini hakulia, Mama. Nami kila asubuhi naamka moyo ukiwa mtupu, napika uji, nimechoka kabla haujachemka.

Basi nikachukua mwiko. Nikakisukuma kizibo ndani, mbele ya macho yake. Aliichukua chupa, akaifuta kwa mkono wa shati, akairudisha dirishani.

Pumzika, Mama yangu. Nakuahidi, Baba akiwa hai sitakigusa tena. Watu wakiuliza, nitawajibu kama anavyowajibu yeye, kwamba mwenyewe atakitoa akirudi.

Mwanao,
Anjela