Kikao cha 31: Marehemu Aníbal Abaki Buluu au Awe wa Kahawia

CHAMA CHA WACHAPAJI WA PICHA ZA BULUU, MJINI MERCEDES

Tarehe: Jumapili, 16 Novemba 2025
Mahali: Uani kwa Bi. Nélida Bentancor, kando ya karo la kufulia

WALIOHUDHURIA
1. Bw. Washington Larrosa, Mwenyekiti
2. Bi. Mirta Pintos, Mjumbe (mke wa Mwenyekiti)
3. Bw. Rubén Cabral, Mchanganya Dawa
4. Bi. Nélida Bentancor, Mjumbe (mjane wa Aníbal Larrosa, kaka yake Mwenyekiti)
5. Bi. Zulma Etcheverry, Katibu

ALIYETOA UDHURU
Bi. Ofelia Techera, yuko Salto kwa binti yake.

ASIYETOA UDHURU
Bw. Nelson Umpiérrez. Wajumbe wawili walimwona akielekea uwanja wa mpira.

KUMB. NA. 1/31: KUFUNGUA KIKAO
Kikao kilifunguliwa saa 9:20 alasiri badala ya saa 8:30, kwa kuwa Mwenyekiti alikuwa akisubiri maji yachemke. Alieleza kwamba amesahau kuja na yerba yake, yale majani ya chai tunayoifyonza kwa mrija kibuyuni, akaomba kibuyu cha mwenye nyumba kizunguke. Bi. Nélida alieleza kwamba ile nusu kilo ya yerba iliyoko mezani ameiweka kwa ajili ya kazi, si ya kunywa. Mwenyekiti alijibu kwamba kibuyu kimoja hakitaua kazi ya mtu. Kibuyu kilianza kuzunguka.

KUMB. NA. 2/31: KUSOMWA KWA KUMBUKUMBU ZA KIKAO CHA 30
Mwenyekiti alilalamika kwamba katika kumbukumbu zilizopita Katibu aliandika "Mwenyekiti alifoka", ilhali yeye hafoki, husisitiza tu. Alisisitiza hivyo kwa sauti iliyomfanya jirani achungulie juu ya ukuta. Katibu alifanya marekebisho na kumbukumbu zikathibitishwa.

KUMB. NA. 3/31: OMBI LA BI. NÉLIDA
Bi. Nélida alikumbusha kwamba maonyesho ya maktaba yanafunguliwa Jumamosi. Aliomba picha ya marehemu mumewe, aliyefariki mwezi Mei, itundikwe humo, lakini si kwa rangi iliyonayo sasa. Alikusudia kuiondoa buluu kwa magadi ya kufulia, kisha kuiloweka kwenye chai nzito ya yerba mpaka igeuke kahawia.

Picha yenyewe ilipigwa na Mwenyekiti, naye ndiye aliyeipaka karatasi dawa ya buluu, akaianika juani na kuiosha. Hakuna nakala nyingine. Negativu, ile filamu ya kutolea nakala, ilitafunwa na mbwa aitwaye Pelusa, ambaye ni mali ya Mwenyekiti.

Mwenyekiti alipinga ombi kwa Kanuni ya 2, isemayo kwamba picha ya mwanachama itakuwa ya buluu. Aliongeza kwamba kahawia ni rangi ya viatu.

"Shemeji," alisema Bi. Nélida, "nikiamka namkuta ukutani na ubuluu wake, kama mtu aliyeopolewa mtoni. Miezi sita sasa. Nimechoka kufiwa kila asubuhi."

"Na ukimtia magadi anafutika, Nélida! Asiporudi je? Utanionyesha karatasi tupu uniambie huyu ndiye kaka yangu?"

Katibu anakiri kwamba hapo alimwonea Mwenyekiti huruma, jambo ambalo halijatokea tangu kikao cha 12.

Bi. Mirta aliomba nafasi. Alieleza kwamba hoja ya kaka anaielewa, lakini aliyeleta hoja ya kanuni ndiye mvunjaji wa kwanza wa kanuni hiyo.

"Hiyo buluu yako nzito unayoringia mji mzima, unajua inatoka wapi?" alimuuliza mumewe.

"Inatoka kwenye mkono wangu."

"Inatoka kwenye kibuyu chako, baba! Unaosha picha huku unafyonza mrija, yerba ikichujuka unaikung'uta humo humo karaini. Miaka minane naosha karai hilo mimi."

Bw. Rubén alithibitisha kwamba chai ya yerba, hata bila magadi, huikoleza buluu ikawa kama wino, wala si buluu ya Kanuni ya 2 tena. Mwenyekiti alisema hiyo haihesabiki, kwa kuwa yerba si dawa bali ni kinywaji. Aliulizwa ni lini mara ya mwisho aliosha picha bila kibuyu mkononi. Aliomba muda wa kukumbuka. Hadi kumbukumbu hizi zinaandikwa, bado anajaribu kukumbuka.

Ilibainika kwamba katika miaka yote hiyo hakuna mjumbe aliyeligundua jambo hili, kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona Mwenyekiti bila kibuyu, na sisi wote tuko hivyo hivyo.

Uamuzi: Ombi lilikubaliwa kwa kura nne dhidi ya moja. Mkono wa kwanza kuinuka ulikuwa wa mke wa Mwenyekiti.

KUMB. NA. 4/31: UTEKELEZAJI
Saa 11:05 jioni Bi. Nélida aliteremsha picha kwenye trei ya magadi. Mwenyekiti aliomba aishike pembeni ili isikunjike. Aliambiwa mara tatu aiachie. Hakuiachia.

Kabla dakika moja haijaisha buluu ilitoroka, kikabaki kivuli cha manjano kisichojulikana ni mtu au ni doa. Bi. Nélida aliihamishia kwenye maji safi, akaomba chai. Bw. Rubén alikwenda mezani, akarudi na pakiti tupu.

Ilibainika kwamba kibuyu kiliendelea kuzunguka wakati wote wa mjadala na nusu kilo nzima imenywewa, na kwamba Katibu naye alikunywa. Yerba iliyobaki kibuyuni ilikuwa imechujuka, haina rangi hata ya kutia doa kitambaa. Duka la karibu lilikuwa limefungwa, ni Jumapili. Jirani aliitwa ukutani. Hakuitika, pengine bado anaogopa kusisitiziwa. Bw. Rubén alitahadharisha kwamba picha ikizidi kukaa majini, kivuli hicho nacho kitazidi kupungua.

Bi. Nélida hakulalamika. Aliinamia tu trei, akitazama maji. Afadhali angetutukana.

"Washington," alisema Bi. Mirta, "fungua begi."

"Begi gani?"

"Washington."

Begi lilifunguliwa. Ndani yake mlikuwa na kilo nzima ya yerba, haijaguswa. Mwenyekiti alieleza kwamba alikuwa amesahau kuwa ameibeba. Wajumbe waliyasikia maelezo hayo. Kwa haki, iandikwe pia kwamba aliipasua pakiti kwa meno na kuimimina yote sufuriani, hakujibakizia hata konzi moja, na kwamba alipokuwa akikoroga alikuwa akisema, "Rudi, kaka, usinifanyie hivyo, rudi bwana."

Baada ya dakika ishirini zilirudi nyusi, kisha masharubu, kisha lile tabasamu la Aníbal la mtu aliyekula na kupangusa mdomo. Alirudi wa kahawia, mwenye joto, kana kwamba ametoka kuota jua hapo nje. Bi. Nélida alimgusa shavuni kwa kidole kimoja.

Sehemu moja tu haikugeuka. Pale Mwenyekiti alipong'ang'ania kwa kidole gumba, magadi hayakufika, na sikio la kushoto la marehemu lilibaki buluu, tena nzito kama wino. Mwenyekiti alisema haraka kwamba yuko tayari kulirekebisha.

"Liache," alisema Bi. Nélida. "Hilo ndilo sikio lake bovu. Miaka arobaini nimeongea nalo bila kusikilizwa, magadi ndiyo yangeweza?"

Mwenyekiti alicheka mpaka akaegemea karo, kisha akalia. Aliagiza isiandikwe.

KUMB. NA. 5/31: MENGINEYO NA KUFUNGA
Iliamuliwa kwamba chini ya picha maktabani paandikwe: "Aníbal Larrosa. Kazi ya mkewe na ndugu yake." Mwenyekiti alitaka ndugu atangulie. Bi. Nélida alimwambia achague kati ya kutangulia na kubaki na sikio. Alichagua sikio.

Kikao kilifungwa saa 12:40 jioni.

Mwenyekiti: W. Larrosa ....................
Katibu: Z. Etcheverry ....................