Kiwanja Nilichosema Kitupu

Mjukuu wangu Zuhura,

Marahaba, shikamoo yako imenifika huku Mabawa. Bibi yako hajambo. Mimi sasa nageuzwa kitandani na mama yako.

Unauliza kwa nini jirani yetu Bi Tatu hakuingia hata siku moja katika ile bustani ya akina mama. Nikujibu ningali na pumzi.

Nilikuwa mwalimu, kwa hiyo barua ya kuomba fedha za wafadhili niliiandika mimi. Nyumba ya kiwanja kile tulichokiombea bustani ilikuwa imeshaanguka, pamebaki vichaka na shina moja la mrehani. Mrehani ule Bi Tatu aliupanda juu ya kaburi la mtoto wake mchanga. Nilikuwepo tulipomzika.

Mkaguzi wa wafadhili alipokuja akaniuliza, "Mzee, hapa hapana kitu?"

Nilijua nikitaja kaburi tutakosa fedha. Nikasema, "Majani tu hayo."

Jioni Bi Tatu alisimama mlangoni kwangu. "Mwalimu, umewaambia?"

"Nimewaambia. Watapazungushia ua."

Kesho yake akina mama walilima pote, hata penye mrehani. Mchicha ulistawi, tukaula, na wewe uliula.

Juzi nilimwita Bi Tatu, nikamweleza yote, nikamwomba radhi. Alinivutia shuka ifike kifuani, kisha akasema, "Mimi nilishakusamehe siku nyingi, mwalimu. Lakini yule mtoto utakwenda kumwomba mwenyewe."

Babu yako