Binti Yangu Amemsikia Nguva, na Sasa Wanasema Hata Mimi Nimepandwa

Mpendwa mshauri, pokea salamu zangu na unisamehe mistari ikipinda, shule niliiacha kabla sijajua kugawanya, lakini jambo hili siwezi kumpa mtu aniandikie maana mwandishi wa nyumba hii ndiye huyo huyo ninayekuletea habari zake.

Nina binti, kitindamimba wangu, kazi yake ni kusikiliza bahari, na tafadhali usicheke. Wanashusha chini ya maji chombo kama kopo la maziwa, kinanasa sauti, kisha yeye anakaa ofisini kutwa na vidude masikioni, ukimwita haitiki, anakuinulia kidole tu, na wenzake wamembandika jina la Sikio. Majirani wakiniuliza mwanao anafanya kazi wapi nilikuwa nasema redioni, si yote ni sauti?

Sasa mwezi uliopita alirudi mbio, viatu mkononi, akanikumbatia mpaka sufuria ikaniponyoka. "Mama! Nimemsikia nguva! Anaita!" Mshauri, nguva ninayemjua mimi ni yule wa hadithi za bibi, juu mwanamke chini samaki, anayeimba mpaka watu wazima wanajitosa majini. Nikamgusa paji la uso, hana homa, nikachanganyikiwa, nikakimbilia kwa kaka yangu, yaani mjomba wake, kumwomba ushauri, naye akautangazia ukoo mzima kwamba mtoto amepandwa na kitu, aombewe na aachishwe kazi.

Ndipo nikamwuliza mwenyewe taratibu, "Mwanangu, huyo nguva anakwambia nini?" Alicheka mpaka akakaa sakafuni. "Haniambii mimi, Mama. Anaongea na mtoto wake. Twende ukasikie."

Nikaenda. Chumba chenyewe kidogo, feni inalia kuliko bahari, nyaya sakafuni kama vazi lililofumuka, akanivalisha vile vidude juu ya mtandio wangu kwa upole kama mimi ndiye mtoto. Kwanza nikasikia kama mafuta ya moto yaliyodondokewa na maji, akasema hao ni kamba wadogo wa kwenye matumbawe, mwamba ulio hai una kelele kama nyumba yenye watoto, ukiona kimya ujue pana msiba. Halafu akaniambia, "Sasa." Nikasikia chwi, chwi, mfano wa kifaranga, na kasauti kembamba zaidi kakajibu. Mmoja anaita, mwingine anaitika. Mara ikaja ngurumo ikafunika kila kitu, nikataka kuvivua, binti akanishika mkono. Ngurumo ikapita. Yule mkubwa akaita. Kimya. Akaita tena. Kimya. Mimi mtu mzima na wajukuu nikajikuta nasema kwa sauti, "Itika basi, itika mwanangu," na vijana wa ofisini wamegeuka wananitazama. Ndipo kakaitika. Nililia, mshauri, sikuficha. Mtoto niliyemfundisha kutamka neno maji ndiye amenifundisha kwamba maji yana maneno.

Nikamwuliza, "Ile ngurumo ni nini?" Hakutaka kusema. "Boti, Mama." Boti za kasi zinazotembeza wageni, na nyingi pale ni za kaka yangu.

Wiki ijayo kuna kikao cha watu wa pwani, binti atawasikilizisha sauti hizo na kuomba boti zipunguze mwendo zinapopita juu ya majani ya bahari yanayoliwa na nguva, na ameniomba niwepo. Kaka naye amekuja mlangoni, hata kukaa hakukaa, akasema, "Dada, mwambie huyo mwenye mashetani ya baharini anyamaze, la sivyo tafuta pa kulala." Tangu mume wangu afariki nakaa vyumba vya uani kwake. Binti hilo sijamwambia. Nikienda nakosa paa, nisipoenda ataona kiti changu kitupu. Na ndugu sasa wanasema na mimi nimepandwa, maana nilisikia nikalia. Nimesikia kweli, au nimerogwa? Nifanyeje?

Mama Sikio

JIBU

Mama Sikio, shusha pumzi. Hujarogwa. Nguva ni jina moja lenye wenyewe wawili. Wa bibi yako mwache alale hadithini. Wa binti yako ana nyama na damu, mnene, mpole, anakula majani ya bahari kama ng'ombe malishoni na ananyonyesha kama ulivyonyonyesha wewe. Ni adimu na ni mwoga, na kwenye maji yaliyochafuka macho hayamwoni, basi mwenye akili humtafuta kwa sikio. Unaye mtoto anayejua kukaa kimya mpaka bahari iseme. Mimi nalipwa kusikiliza watu na bado nawakatiza. Nakuonea wivu.

Sasa nikugombeze kidogo. Ulikimbilia kwa kaka kabla hujamwuliza mtoto maana ya neno lake. Kisha kaka akamwita mwenye mashetani mbele yako, nawe ukameza. Kwa nini? Mama, anayeogopa mashetani ya baharini hapitishi boti juu yao kutwa kucha! Kaka yako anaogopa kupunguza mwendo, basi.

Leo hii mwambie binti habari ya paa. Unamficha nini mtu ambaye kazi yake ni kusikia yasiyosemwa? Pangeni pamoja pa kwenda ikibidi, kabla ya kikao, msije mkabeba magodoro kwa machozi. Halafu mtafute mkubwa mmoja wa ukoo ambaye kaka yako humwinamia, akae naye, amwambie nyumba ya kumsitiri dada si fimbo ya kumchapia. Na amweleze vizuri, maana hasira huziba masikio: hakuna aliyemwambia afunge kazi. Ameombwa apite polepole penye majani, kisha aende zake. Mwalike ofisini avae vile vidude. Akikataa, usimbembeleze mara mbili.

Maombi ni mema, aombewe binti kazi yake ifike mbali. Lakini asiachishwe kazi kwa sababu ya neno mlilolielewa kombo. Na majirani waambie ukweli sasa, habari za redioni ziishe.

Kikaoni nenda, ukae mstari wa mbele, mtandio ule ule. Usibishane na kaka yako. Ukisimamishwa uulizwe ulisikia nini, neno nguva liache nyumbani, limeshawachanganya vya kutosha. Sema hivi tu: "Nilimsikia mama akimwita mtoto wake, na boti ikapita katikati." Kisha kaa chini, uwaachie kimya kile ulichokisikia wewe.